Umemwacha nani? Namna ya kumpokea kijana aliyehamia kwako

Mtoto wa mdogo wangu aliingia kwangu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mwishoni mwa Machi 2025, saa mbili ya usiku, na mfuko mmoja wa mgongoni, miguu imevimba. Alitoka Goma kuja Lubumbashi, miji miwili ya nchi moja, lakini uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu mwisho wa Januari, waasi wa M23 walipouteka mji, na kwa ndani hapakupitika. Basi alivuka mpaka kwa miguu hadi Rwanda, akapanda basi kukatiza Tanzania, akaingia Zambia, akairudia Kongo kwa mlango wa Kasumbalesa. Siku nane njiani, pamoja na mama mmoja mfanyabiashara, jirani yao, anayeijua njia hiyo. Alikuwa na miaka 14.

Nilikuwa nimepika bukari (ndiyo ugali), sombe (majani ya muhogo) na samaki. Nilimpashia maji ya kuoga, nikamtandikia kitanda, nikampigia mama yake simu, nikalala na moyo mweupe. Ilinichukua wiki sita kujua kwamba kazi yenyewe nilikuwa sijaianza.

Nawaandikia akina mama wakubwa, baba wadogo, mashangazi na mabibi walio na kijana wa namna hiyo nyumbani. Mimi ni mkunga. Kazi yangu ni watoto wa siku moja, si wa miaka 14. Lakini nimeishi na huyu, na kabla yake nilihamishwa mimi mwenyewe nikiwa na miaka 13.

Ilikuwa 1992. Wazazi wangu asili yao ni Kasai, mimi nilizaliwa Likasi, Katanga, na sikujua kwingine. Watu wa asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, tulilala kwenye kituo cha treni kati ya maelfu ya watu, wiki baada ya wiki, tukingoja mabehewa. Tuliposhuka Mwene-Ditu nilikuta binamu ambao Kiluba changu kiliwavunja mbavu kwa kicheko. Likasi niliitwa Mkasai. Huku nikawa mtu wa Katanga. Nikanyamaza. Nasema kunyamaza kweli: karibu mwezi mzima sikutoa neno ila ndiyo na hapana. Kaku, bibi yangu, alinilisha vizuri kuliko wajukuu wengine wote. Na kila aliyekuja kutusalimu aliuliza yaleyale: waliwaibia nini? Waliwapiga? Nani alifia kwenye treni? Hakutokea hata mmoja wa kuniuliza nimemwacha nani. Nilikuwa na rafiki, tulikalia benchi moja tangu darasa la tatu, mama yake alinisuka kila Jumamosi. Sikumuaga. Leo nina miaka 46 na nikipita Likasi bado naangalia nyuso za wanawake wa umri wangu.

Pamoja na hayo yote, kijana alipofika kwangu na mimi niliuliza: huko mliona nini?

Kwa nini umri huu

Mtoto wa miaka minne ukimhamisha na mama yake, umehama na dunia yake yote. Mwenye miaka 14 dunia yake iko nje ya mlango: wenzake wa darasa, timu yake, utani unaoeleweka na watu sita tu, sifa aliyoihangaikia miaka mitatu ya kuwa yeye ndiye anayejua hesabu au ndiye golikipa. Vitu hivyo havikai kwenye mfuko wa mgongoni. Na akili ya umri huo imeumbwa iwe na njaa ya kukubalika na rika kuliko wakati mwingine wowote wa maisha. Unaung'oa mti wakati mizizi inatafuta udongo.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilikutana na utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2016. Walipitia rekodi za watu karibu milioni 1.5 waliozaliwa kati ya 1971 na 1997, wakaangalia kila mmoja alihama mara ngapi utotoni na yaliyompata baadaye. Kila kuhama kuliambatana na hatari zaidi ya kujaribu kujiua, ya ugonjwa wa akili, ya kuzama katika dawa za kulevya, na hatari hiyo ilipanda zaidi kwa waliohama wakiwa na miaka 12 hadi 14. Huko ni Denmark, watu wanahama na lori la mizigo, hakuna anayekimbia risasi. Na hata watoto wa matajiri hawakuepuka. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Nilijiona nipo ndani.

Lakini shika na upande wa pili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Maana yake wanne hawana. Kijana wako si mgonjwa kwa sababu ametoka Goma. Ukimpokea kama mgonjwa utamfundisha ugonjwa.

Siku za mwanzo

Kabla hajafika, mpe mahali pake, hata kama ni rafu moja na msumari wa kutundika nguo. Waambie watoto wako anakuja kukaa, si kutembea, na waambie kitanda nani atalala na nani. Mgomvi wa kwanza wa kijana mgeni ni mtoto wa nyumbani aliyenyang'anywa nafasi bila kuulizwa.

Akifika, usimchimbe. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unasema waziwazi: mtu asisukumwe kusimulia yaliyompata. Tunadhani akitoa yote atapona, kama jipu. Sivyo. Anayelazimishwa kusimulia anarudishwa kule akiwa peke yake. Mkataze na jirani anayekuja kuchukua habari. Mimi ilibidi nimwambie mama mmoja wa kwaya, kwa heshima, kwamba mtoto huyu si redio.

Ila kutomchimba si kumwacha. Siku ya arobaini na kitu hivi, tukichambua sombe uani, nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kuulizwa mwaka 1992: "Umemwacha nani?" Alichambua majani muda mrefu. Kisha akaanza, na hakuanza na mama yake. Alianza na kijana wa Majengo, mtaa wa Goma, mwenzake wa mpira, ambaye familia yake ilikimbilia kambi ya Nakivale kule Uganda. Nikachukua daftari. Tulipomaliza tulikuwa na majina 11, na pembeni ya kila jina mahali: Nakivale, Bujumbura, Bukavu, bado Goma, bado Goma. Majina mawili hayakuwa na mahali. Aliyaandika hayo mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Ukifanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hilo. Orodha ya majina, kwa mwandiko wake, ibaki mikononi mwake.

Simu

Hapa nilikosea vibaya, nami nakuambia ili usikosee. Wiki ya tatu niliona kijana yuko kwenye simu hadi saa saba ya usiku, asubuhi haamki, mega (vifurushi vya intaneti) zinaisha kama maji ya mvua. Nikamnyang'anya simu. Nilidhani natibu. Siku nne hakula sawasawa, na mara zote nilizouliza alijibu, "Niko bien, Mama mukubwa," yaani yuko sawa. Nilikuwa nimekata kamba ya mwisho iliyomfunga kwa watu wake.

Simu ina mambo mawili ndani yake, na ni lazima kuyatenganisha. Kuna sauti za marafiki, hizo ni chakula. Kuna na video za maiti na za risasi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, hizo ni sumu, na kijana huziangalia usiku akitafuta kama ataona nyumba yao au mtu anayemjua. Tulikubaliana hivi: makundi ya video anayatoa kwenye simu, habari za Goma nitamtafutia mimi kutoka kwa mama yake kila jioni, na nitamweleza ukweli hata ukiwa mbaya. Jumapili alasiri nanunua mega, naye anawapigia wa kwenye orodha. Saa nne ya usiku simu inalala kwenye kabati langu, ya kwake na ya kwangu. Sehemu hiyo ya mwisho, ya kwangu, ndiyo iliyomfanya akubali.

Shule

Usimwache nyumbani kungoja Septemba. Shule ya kwanza niliyokwenda ilitaka hivyo: hana buletini (ripoti ya alama zake), mwaka umeenda, arudi mwaka ujao, tena aanze darasa la nyuma. Kwa karatasi maneno yale yana haki. Kwa kijana ni hukumu: miezi mitano ya kukaa uani na akina mama, kisha kukaa na watoto wadogo kwake. Alikuwa wa pili darasani Goma. Hicho ndicho kitu pekee alichovuka nacho mipaka minne bila mtu kumpekua, na tulitaka kumnyang'anya.

Nenda mwenyewe, usimtume kaka yake. Muombe prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, ampe mtihani wa hesabu na Kifaransa, hata wa saa moja mbele yake. Piga simu shule aliyotoka. Mwalimu akiwa hai na mtandao upo, picha ya buletini inafika kwa WhatsApp. Shule ya tatu ilikubali. Alipata alama nzuri ya hesabu, Kifaransa kikamshinda kidogo, wakamuingiza darasa lake la nane. Siku hiyo alirudi akitembea kwa namna nyingine, mabega yakiwa nyuma.

Kisha lugha. Watu wa nje hudhani Kiswahili ni kimoja, basi mtoto wa Goma hapa hana shida. Yeye husema bugali, sisi bukari, na darasa zima linacheka. "Mama mukubwa, huku banasemaka mbio sana," aliniambia, na akaanza kujibu kwa kichwa tu, bila sauti. Nilimjua mtoto huyo. Nilikuwa mimi.

Utani wa bugali unapita wenyewe. Lakini baadhi ya wenzake walianza kumwita Mnyarwanda kwa sababu ya matamshi yake tu, na mwaka huo, Rwanda ikilaumiwa kwa vita vya Goma, neno lile mdomoni mwa mtu wa Lubumbashi halikuwa mchezo. Likifika hapo usimwambie avumilie. Sikuwafuata wale watoto wala wazazi wao. Nilikwenda kwa mwalimu wake wa darasa, nikamweleza mtoto anavyoitwa na maana yake, nikamuomba jambo moja: amweke benchi moja na kijana anayeheshimiwa. Alimweka na mchezaji wa timu ya shule. Mwenzi mmoja anatosha kufunga midomo kumi.

Na nyumbani mwache aseme Kiswahili cha kwao. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 13 juu ya vijana wahamiaji wa miaka 13 hadi 18. Waliokuwa na hali nzuri zaidi ni walioshika vya kwao na vya ugenini pamoja. Kwa hiyo sisi tunakula bukari Jumatatu na bugali Jumanne, ni chakula kilekile.

Mpe kazi yenye jina

Mgeni asiyepewa kazi anabaki mgeni. Lakini angalia ni kazi gani. Kumtuma tu, leta maji, fagia, kunamfanya mtumishi. Kazi ninayosema ni ile ambayo isipofanywa na yeye itaonekana, na yenye kitu anachokijua kuliko ninyi.

Huyu wangu alinijibu bila mimi kuuliza. Alikuwa ananitazama nikisukuma madumu ya maji kwenye kigari kibovu, akasema Goma mtu asingehangaika hivyo. Aliomba mbao. Wiki mbili alichonga, akafunga magurudumu mawili ya mti na vipande vya tairi la zamani, na asubuhi moja kulikuwa na chukudu uani kwangu. Watu wa Kivu wanaijua: baiskeli ile ya mbao isiyo na pedali, inayobeba makaa, viazi na saruji, ambayo pale Goma imejengewa sanamu katikati ya barabara. Katuba hawakuwahi kuiona. Watoto wa avenue yote walikuja. Mzee wa duka la unga akamuuliza bei ya kumbebea magunia. Kwa mara ya kwanza tangu afike, yeye ndiye aliyekuwa anaeleza na wengine wanauliza.

Kwa wasichana, tafadhali, fungua macho zaidi. Msichana aliyehama akiwa na huzuni mara nyingi hafanyi fujo. Anapika, anafua, anabeba mtoto wa wenyeji mgongoni, hasemi neno, na tunamsifu: ana adabu kweli. Miezi inapita shule imesahaulika. Wengine nimewapokea kazini kwangu, wana miaka 15 na 16, wana mimba ya mtu wa kwanza aliyewauliza habari zao. Ukimwona anayefanya kazi mno na kuongea kidogo mno, huyo ndiye wa kuulizwa leo.

Mwili unasema kwanza

Huku kwetu kijana hasemi nina huzuni. Anasema kichwa kinauma, tumbo, moyo unapiga. Mpime malaria, ndiyo, mimi ni mkunga siwezi kusema vingine. Vipimo vikiwa safi mara mbili na maumivu yanarudi kila Jumatatu asubuhi, sikiliza kilicho nyuma yake. Na kwa wavulana huzuni hupenda kuvaa nguo za hasira: mlango unapigwa, mdogo anachapwa kwa kalamu tu. Kabla ya kuiita utundu, hesabu amelala saa ngapi wiki hiyo.

Oktoba mvua zilipoanza, radi ya kwanza ya Katanga ilimkuta mezani. Alikuwa chini ya meza kabla sahani haijaacha kutikisika. Watoto wangu walitaka kucheka, nikawatazama. Nilikaa sakafuni karibu naye, bila kumshika. Nikamwambia: weka nyayo zote mbili chini. Hii ni Katuba, ni mvua. Nitajie vitu vitano unavyoviona. Akataja: mguu wa meza, ndala, mfagio, chungu, wewe. Kisha tukapumua, kuvuta kidogo na kutoa pole pole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Dakika kumi. Sasa mawingu yakikusanyika namwambia mapema, na anaanza mwenyewe.

Lini kutafuta msaada zaidi? Ikipita wiki mbili, karibu kila siku, hapati usingizi, hali chakula, haoni raha katika kitu alichokipenda, amewakimbia watu, au ameanza pombe. Usingoje iwe miezi. Na siku hiyohiyo, bila kungoja, ikiwa anasema ni afadhali asingekuwepo, anagawa vitu vyake, au anajikata. Muulize kwa maneno yenyewe: "Unafikiri kujiua?" Wazazi huogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi, linampa mtu wa kumwambia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za panya na vidonge nyumbani, na mpeleke kwa mtaalamu. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, cha watawa wa Frères de la Charité. Watu wanakiita kwa majina mabaya, kama ni mahali pa vichaa tu, na kwa aibu hiyo watoto wanachelewa. Nilipomtajia kijana kituo kile, kwa tahadhari nyingi, yeye akasema tu, "Ah, kama Tulizo Letu ya Goma." Watawa ni walewale. Aibu ilikuwa yangu peke yangu.

Maombi? Ombeni. Sisi tunaomba. Lakini anayesema kijana ana pepo, afungwe kwa mfungo wa siku tatu bila chakula, usimkabidhi mtoto.

Akitakiwa kuhama tena

Hili linasahaulika kabisa, na linaumiza maradufu: kuhama mara kwa mara ni kubaya kuliko kuhama mara moja. Mdogo wangu sasa anataka kumchukua wakaishi Kampala, ambako baba wa kijana amepata kazi. Ni haki yao, na kijana anawahitaji wazazi wake kuliko anavyonihitaji mimi. Nimeomba mambo mawili tu. Amalize mwaka wa masomo kwanza, na buletini itoke mikononi mwa prefe iingie mikononi mwake, na picha ya buletini ibaki kwangu. La pili, aambiwe sasa. Mazungumzo ya watu wazima ya simu yasimalizike kwa kumwambia siku ya basi kwamba afunge nguo.

Nilimwambia jioni ileile niliyosikia. Alikasirika, akatoka, akarudi giza limeingia. Kesho yake akaniomba daftari. Ameanza orodha ya pili, imefika majina tisa, yote ya Katuba, na wa kwanza ni yule wa benchi moja. Chukudu atamwachia mtoto wa jirani, ila anasema lazima kwanza amfundishe kukanyaga breki ya mpira kule nyuma, na mtoto yule bado hana uzito wa kutosha.